Uliza Tukujibu: Hobiti, Deraya ya Kamba na Hakimiliki

SWALI: Salaam mhariri. Tuko vijana sita, tunataka kutengeneza filamu fupi ya ulimwengu wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, na kuiweka YouTube bure. Tumesikia Waingereza walishafanya hivyo kwa pesa kidogo. Waliwezaje, na sisi hatutashtakiwa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Bila shaka mmesikia habari za The Hunt for Gollum ya Chris Bouchard, iliyotoka 2009: kama dakika 40, kwa pauni 3,000 hivi. Mwaka huohuo Kate Madison alitoa Born of Hope, ndefu kuliko hiyo, iliyokula kama pauni 25,000. Wote wawili walibana matumizi tangu kwenye kuchagua hadithi. Vita vikubwa waliviacha, wakachukua mambo ambayo kitabu kinayagusa kwa kupita tu: Aragorn, mmoja wa mashujaa wa kitabu hicho, anamsaka Gollum, kiumbe mdogo wa ajabu, na maisha ya wazazi wa Aragorn. Mtu mmoja aliyevaa joho msituni hahitaji jeshi nyuma yake. Gollum naye, ambaye kwa kompyuta angemaliza bajeti yote, anabebwa ndani ya gunia.

Kuhusu sheria: Tolkien alifariki 1973, na Uingereza hulinda kazi ya mwandishi miaka 70 baada ya kifo chake, yaani hadi mwisho wa 2043. Kutoa filamu bure hakuwapi haki. Kunapunguza tu sababu ya mwenye mali kukasirika. Mei 2024, kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilipotangaza filamu yake yenye jina la The Hunt for Gollum, ile ya Bouchard iliondolewa YouTube, kisha ikarudishwa. Kwa hiyo msiuze, msiweke matangazo, na msithubutu kutumia muziki wa zile filamu kubwa za The Lord of the Rings, maana muziki ndio unaonaswa haraka kuliko chochote. Nakala kamili iwe kwenye diski yenu, si mtandaoni peke yake.

SWALI: Waigizaji wetu wote wana urefu wa sentimita 170. Tumemweka "hobiti" (mmoja wa wale watu wafupi wa Tolkien) nyuma ya mwenzake lakini anaonekana mtu mzima aliyesimama mbali! Tunakosea wapi? – Dada wa Mombasa

JIBU: Dada, kamera yenu iko juu mno. Ikiwa usawa wa macho, vichwa vya wote wawili hukaa mstari mmoja kwenye picha, na aliye nyuma huonekana miguu yake imepanda tu. Ishusheni hadi sentimita 30 kutoka ardhini, kisha mwinue lenzi kidogo. Sasa chukueni futi kamba. Mrefu asimame mita 3.6 kutoka kwenye kamera, hobiti mita 6. Ukigawa 3.6 kwa 6 unapata 0.6, kwa hiyo wa nyuma ataonekana kama ana sentimita 102. Miguu yake bado itapanda kidogo. Ifichwe kwa majani au gogo lililolala mbele.

Wote wawili lazima waonekane vizuri bila ukungu. Kwa kamera yenye sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu kamili, kubwa kuliko ya simu) na lenzi ya milimita 24, wekeni tundu la lenzi kwenye f/8 na fokasi kwenye mita 3.6. Simu hapa inazishinda kamera nyingi, kwa kuwa sensa yake ndogo haitii ukungu kirahisi.

Kosa linalobaki ni macho. Hobiti akimtazama mwenzake kweli, kwenye picha ataonekana anaangalia upande wa kamera. Mchomeeni kijiti pembeni yake, juu ya kichwa chake, aongee na kijiti. Mrefu naye atazame chini, mahali patupu ubavuni mwake. Na kamera isisogee hata kidole: ikihama kando, siri imefichuka.

SWALI: Deraya, yaani vazi la vita, ya pete za chuma ni ghali. Nikifuma kwa kamba ya katani, itafaa? Huku kwetu iko tele. – Fundi nguo, Tanga

JIBU: Kufuma ni sawa, katani hapana. Inawasha shingo, na nyuzi zake zinachomoza hadi deraya inafanana na brashi. Tumia kamba laini ya pamba, unene wa milimita 4, na sindano za milimita 10 hadi 12, ili mishono ilegee na matundu yaonekane. Fuma kipande cha mbele na cha nyuma, uviunganishe kabla ya kupaka chochote. Ukishapaka, kamba inakakamaa na sindano haipiti.

Kisha chovya kwenye rangi nyeusi ya maji iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usiianike kwenye kamba ya nguo: uzito wa maji utaivuta hadi magotini. Ilaze juu ya nailoni. Ikikauka kabisa, chovya brashi kwenye rangi ya fedha, uifute kwenye kitambaa hadi ibaki karibu kavu, ndipo upitishe juujuu. Migongo ya mishono ishike fedha, matundu yabaki meusi. Wanaopuliza fedha moja kwa moja juu ya kamba nyeupe hupata kitu kama karatasi ya kufungia chipsi. Kwapani na kwenye viwiko paka kidogo sana, ndiko rangi inakobanduka kwanza.

Kamba haina mlio, lakini. Rekodi pembeni mkufu mwembamba wa chuma ukitikiswa ndani ya soksi, uiweke sauti hiyo chini ya kila hatua anayopiga askari.