Kuandika mwendo wa kamera kwenye prompti za video: ushauri kwa wanaoanza

Wengi wanaoanza kutengeneza video kwa akili bandia wanapoandika prompti, yaani maelezo ya maneno ya video wanayoitaka, humaliza nguvu zao kwa mhusika: nywele, nguo, mwanga, mandhari. Mwishoni kabisa huongeza "kamera isogee kisinema", basi. Kinachotoka ni picha nzuri inayoelea ovyo. Neno "kisinema" halina mwelekeo, halina kasi wala mahali pa kufikia, kwa hiyo modeli, yaani programu ya akili bandia inayotengeneza video, inajiamulia yenyewe, na mara nyingi huamua kusogea mbele polepole tu.

Kabla ya mengine yote, shika hili: ndani ya modeli hamna kamera. Hamna reli, tripodi wala mtu anayeshika lenzi. Modeli ilijifunza kutokana na video nyingi mno zilizoambatana na maelezo ya maneno, na kazi yake ni kubuni namna picha inavyobadilika fremu hadi fremu, yaani kutoka picha moja tuli ya video hadi inayofuata. Ukiipa jina la mwendo peke yake, unategemea kwamba walioandika maelezo yale walilitumia jina hilo sawasawa, na ukweli ni kwamba watu huyachanganya. Kwa mafundi wa sinema, pani ni kamera kubaki palepale na kugeuka kushoto au kulia. Tilti ni kuielekeza juu au chini bila kuihamisha. Lakini wako wengi wanaoita pani mwendo wowote wa kwenda pembeni. Ndiyo maana naandika jina la mwendo, halafu papo hapo naeleza kitakachoonekana kwenye skrini mwendo huo ukifanyika.

Zumu na doli ndizo zitakazokufundisha jambo hili vizuri zaidi. Kwenye zumu kamera haijahama. Picha nzima inakuzwa kwa pamoja, na vitu vya mbele na vya nyuma vinabaki katika uhusiano uleule. Kwenye doli kamera yenyewe inasukumwa juu ya magurudumu au reli: vilivyo karibu vinakua haraka na kupotelea pembeni mwa fremu, ilhali mlima wa mbali karibu haubadiliki. Tofauti hiyo ya kasi kati ya karibu na mbali ndiyo inayomfanya mtazamaji ahisi ameingia ndani ya mahali. Kwa hiyo badala ya "kamera inamkaribia mwanamke", andika hivi: "Kamera inasogea mbele polepole katikati ya rafu za vitabu. Rafu za karibu zinapita kushoto na kulia na kutoka kwenye fremu. Mwanamke aliyeketi mwisho wa ujia anazidi kuwa mkubwa mpaka uso na mabega yake vinajaza picha."

Kazi kubwa hapo inafanywa na rafu. Ondoa rafu, mweke mwanamke mbele ya ukuta mtupu, na hata modeli nzuri itakupa kitu usichoweza kukitofautisha na zumu, kwa kuwa hakuna kitu cha karibu cha kupita. Kila unapotaka kina, weka kitu cha karibu: tawi, nguzo, kiti, bega la mtu. Angalia pia kwamba mfano ule una mwisho. Kamera ikijua inafika wapi, modeli inagawa mwendo vizuri zaidi katika muda iliopewa.

Na muda huo ni mfupi. Veo 3, modeli ya video ya Google, ilipotoka mwaka 2025 ilitoa klipu za sekunde 8, na kwa fremu 24 kila sekunde hizo ni fremu 192. Ukitaka kamera ipae, izunguke, kisha ishuke usoni mwa mtu ndani ya fremu hizo, utapata mchafuko. Klipu moja, mwendo mmoja. Mwongozo wa kampuni ya Runway kwa modeli yake ya video ya Gen-3 Alpha, mwaka 2024, ulipendekeza kutanguliza mwendo wa kamera, ukifuatwa na nukta mbili, halafu mandhari, halafu maelezo ya ziada. Naukubali mpangilio huo hata kwenye modeli nyingine, kwa sababu unakulazimisha uamue mwendo kabla ya kupotelea kwenye mapambo.

Tenganisha kabisa sentensi ya kamera na sentensi ya mhusika. "Anakimbia huku kamera ikisogea" ni maneno matupu. Kamera iko nyuma yake? Iko ubavuni, ikienda naye sambamba? Au iko mbele, ikirudi kinyumenyume huku ikimtazama? Sema pia kama umbali kati yao unabaki uleule. Kushoto na kulia nako kunachanganya, maana kamera ikigeuka kushoto vitu hukimbilia kulia kwenye skrini. Taja kitu kinachoingia: "mlango mwekundu unaingia kutoka ukingo wa kushoto wa fremu." Hapo utata unapungua sana.

Kumzunguka mhusika ndiko kugumu kuliko yote. Modeli hulazimika kubuni mgongo wake, upande wa pili wa chumba, na sura isiyobadilika katika kila pembe. Mara nyingi itamgeuza mhusika badala ya kuizungusha kamera. Omba robo ya duara tu, sema kwamba mhusika amesimama tuli, na eleza mandhari ya nyuma yake: kwanza dirisha, kisha ukuta wa picha. Ukianza na picha tuli, hatari ni ileile: kila kisichokuwemo kwenye picha kitabuniwa, kwa hiyo eleza kilichopo nje ya ukingo kabla kamera haijafika huko.

Kamera isiyosogea nayo huandikwa. "Kamera isizunguke, isikuze" mara nyingi huleta kilekile ulichokikataa, kwa sababu umekitaja. Andika "kamera imetulia juu ya tripodi, fremu ni ileile mwanzo hadi mwisho", kisha mpe mhusika jambo la kufanya: afungue barua, upepo upeperushe pazia. Tukio lisipokuwa na chochote kinachosogea, modeli huelekea kuisogeza kamera.

Kama matokeo ya prompti ya Kiswahili hayaeleweki, ijaribu kwa Kiingereza, lakini iandike kwanza kwa Kiswahili mpaka wewe mwenyewe uuone mwendo. Halafu badilisha jambo moja moja. Ikiwa programu inakuruhusu kushikilia namba ya mbegu ("seed", namba ambayo modeli huanzia kubahatisha), ishikilie, ubadilishe neno la kasi tu, kutoka "polepole" hadi "kwa haraka", uone lina nguvu gani.

Unapounganisha klipu, chukua fremu ya mwisho ya ile ya kwanza iwe fremu ya kuanzia ya pili, na urudie maneno yaleyale ya mwelekeo na kasi. Fremu moja tuli haibebi kasi. Modeli haiwezi kujua kamera ilikuwa inakwenda upande gani usipoiambia tena.