Kabla hujamtia adui kwenye bunda lako la Marvel Snap

Kadi za maadui ndizo zinazopendwa zaidi, na ndizo zinazopimwa vibaya zaidi. Doctor Doom, Green Goblin, Ultron: mtu akiona picha na kusoma maandishi mara moja, keshatoa kadi nyingine ili kuwapisha. Kisha anashangaa mbona hapandi daraja. Kosa ni lile lile kila mara: kadi imepimwa kwa siku yake nzuri kuliko zote, siku ambayo imeingia mkononi mapema, viwanja vina nafasi na mpinzani hana jibu. Siku hiyo haiji kila mechi. Ipime kwa siku ya kawaida.

Hapa "adui" ni mhusika mbaya aliyechorwa kwenye kadi. Yule unayecheza naye nitamwita mpinzani. Mchezo wenyewe ni wa kadi kwenye simu, ulitoka Oktoba 2022, na mechi moja huweza kuisha kabla feri ya Likoni haijagusa ng'ambo. Zamu ni sita. Viwanja ni vitatu, na kila mchezaji ana nafasi nne katika kila kimoja. Bunda ni kadi 12 zisizojirudia. Nishati, ambayo ndiyo unayolipia kadi, inaanza 1 na kupanda moja kila zamu hadi 6. Kadi huteremshwa zikiwa zimefunikwa, kisha hufunuliwa zamu inapoisha. Mwenye jumla kubwa ya nguvu kiwanjani ndiye mwenye kiwanja, na anayechukua viwanja viwili ndiye mshindi.

Anza na rula. Mchezo ulipotoka kulikuwa na kadi tupu zisizo na uwezo wowote, moja kwa kila bei: Misty Knight nishati 1 nguvu 2, Shocker nishati 2 nguvu 3, Cyclops 3 kwa 4, The Thing 4 kwa 6, Abomination 5 kwa 9, Hulk 6 kwa 12. Waundaji hubadilisha nambari za kadi mara kwa mara, kwa hiyo isome kadi yako ilivyo leo kwenye simu, lakini safu hiyo ya 2, 3, 4, 6, 9, 12 bado inafaa kukaa kichwani. Kila unapomwangalia adui, jiulize: kwa bei hii hii kadi tupu ingenipa ngapi? Uwezo wake lazima ulipe tofauti hiyo, na kuzidi.

Tumchukue Doctor Doom, kwa sababu ndiye anayefundisha zaidi. Nishati 6, nguvu 5, na akifunuliwa anaweka DoomBot, roboti ya nguvu 5, katika kila kiwanja kingine. Jumla 15 dhidi ya 12 za Hulk. Wengi huishia hapo: 15 ni nyingi kuliko 12, basi Doom ni bora. La. Katika kiwanja kimoja kimoja anakupa 5 tu, na mechi haishindwi kwa jumla, inashindwa kwa viwanja.

Chukulia zamu ya tano imekwisha na mko sare kote. Unateremsha Doom, mpinzani anateremsha Hulk. Kiwanja alichopo Hulk kimekwenda, vingine viwili ni vyako kwa tofauti ya 5. Umeshinda. Sasa badilisha kitu kimoja tu: kiwanja cha kulia ulikuwa nyuma kwa 7. Doom anakupunguzia hadi 2, bado ni cha mpinzani. Hulk wake anaingia katikati, anachukua cha pili, mechi imekwisha. Kadi ni ile ile, matokeo tofauti. Kwa hiyo Doom anataka uwe sare, au karibu na sare, kila mahali kabla ya zamu ya sita. Bunda lako likiwa la kurundika nguvu kiwanja kimoja na kuacha vingine vitupu, Doom hana kazi humo hata kama picha yake ni ya dhahabu. Na ukishinda kiwanja kwa tofauti ya 2 usijidanganye kuwa umeshinda: hata kadi tupu ya nishati 2 kama Shocker inaifuta hiyo.

Anakolipa sana Doom ni mbele ya Shang-Chi, anayeharibu kadi za mpinzani zenye nguvu kubwa kiwanjani alipo (kizingiti kilianza 9). Hulk wa 12 anakwenda na maji. Doom na roboti zake, tano tano, hawaguswi. Hiyo ndiyo thamani ambayo jumla ya nguvu haionyeshi.

Anayemzuia ni Cosmo, yule mbwa wa nishati 3. Uwezo wa kufunuliwa haufanyi kazi kiwanjani alipo. Hapa ndipo mpangilio wa kufunua kadi unapokuwa na maana: anayeongoza viwanja vingi hufunua kwanza, na viwanja vikilingana hutazamwa jumla ya nguvu. Ukiwa unaongoza, Doom wako anafunuliwa kabla ya Cosmo aliyeteremshwa zamu hiyo hiyo, na roboti zinakuwa zimeshaingia. Ukiwa nyuma, mbwa anatangulia na unabaki na 5 pekee kwa nishati 6. Kwa kuwa Doom anatoa 5 popote atakapokaa, hulazimiki kumweka mahali fulani. Mweke kiwanja ambacho mpinzani ana sababu ndogo kabisa ya kumpeleka Cosmo. Na hesabu nafasi: kila kiwanja kingine kinahitaji nafasi moja wazi, kikijaa kadi nne roboti haiingii.

Mlinganishe na Ultron, kwani kwa haraka wanaonekana ndugu. Alitoka akiwa nishati 6 nguvu 8, naye anaweka vijiroboti vinne vya nguvu 1 katika kila kiwanja kingine. Jumla 16, moja zaidi ya Doom. Lakini Doom anaomba nafasi moja, Ultron anaomba nne. Ukiwa na kadi mbili tayari kiwanjani, unapata vijiroboti viwili, na hiyo ni nguvu 2. Peke yake Ultron ni dhaifu, na asiachwe peke yake. Akiwepo Patriot, ambaye anaziongezea nguvu 2 kadi zako zisizo na uwezo, kila kijiroboti kinakuwa 3 na kiwanja kitupu kinapanda kutoka 4 hadi 12. Hapo ni mnyama mwingine. Ila vijiroboti ni kadi za nishati 1, na Killmonger huharibu kadi zote za nishati 1 mezani. Akifunuliwa baada ya Ultron, vyote vinane vimekwenda. Kwa hiyo swali la kwanza kwa Ultron si nguvu zake, ni je, una bunda zima la kumhudumia?

Green Goblin anapimwa kinyume. Nishati 3, nguvu hasi 3 alipotoka, na akifunuliwa anahamia upande wa mpinzani. Cyclops kwa bei hiyo angekupa 4, kwa hiyo kwa nguvu peke yake Goblin anapungukiwa na 1. Faida yake ni nafasi anayoikalia. Mpinzani mwenye kadi tatu kiwanjani akipokea Goblin amefungiwa mlango, kadi kubwa aliyokuwa akiisubiri haina pa kukaa. Lakini angalia kabla: akiwa na kadi nne tayari, Goblin hana pa kuhamia na anakaa kwako na hasi yake. Na mbele ya bunda linalojila lenyewe, la Carnage na Deathlok wanaoharibu kadi za upande wao, ni zawadi. Carnage anamla na kuongezeka nguvu 2. Ukiona mpinzani ameteremsha kadi kama Bucky Barnes au Nova, zinazofaidi zikiharibiwa, mapema, mwache Goblin mkononi.

Sasa suala la kuingia mkononi, ambalo watu hulipuuza kabisa. Unaanza na kadi 3 na kuchota moja kila zamu, kwa hiyo kufikia zamu ya sita umeona 9 kati ya 12. Doom atakuwepo mara tatu katika mechi nne. Unachotegemea kikiwa kadi mbili kwa pamoja, mfano Patriot na Ultron, uwezekano unashuka hadi takriban asilimia 55; kadi tatu, asilimia 38. Kama wacheza karata wa barazani wanavyojua, turufu iliyobaki kwenye bunda haikusaidii. Kadi mbili za nishati 6 katika bunda moja zinakupa angalau moja kwa asilimia 95, na hilo linatosha. Ya tatu ni mzigo, itakaa mkononi zamu tano bila kazi.

Ukishapiga hesabu, ijaribu. Usiandike tu umeshinda au umeshindwa, kwa sababu unaweza kushinda mechi ambayo kadi hiyo haikutoka kabisa. Andika mambo matatu: ilikuwa mkononi zamu ilipohitajika? Ilibadilisha mwenye kiwanja, au ungekipata hata bila yeye? Mpinzani aliizuia kwa kadi gani? Mechi 20 zinatosha kuona mwelekeo, ila zisiwe za daraja la chini ambako mara nyingi unacheza na kompyuta badala ya mtu. Wala usifanyie jaribio hili katikati ya kivuko. Mtandao ukikatika, saa ya zamu haisimami, na utailaumu kadi kwa kosa la minara.

Mwisho ni dau, kwa sababu adui mzuri ni yule anayekuambia mapema lini uongeze. Dau huhesabiwa kwa kyubu, ambazo ndizo zinazokupandisha au kukushusha daraja. Mechi isiyopandishwa dau huishia kyubu 2. Mmoja akipandisha ni 4, wote wawili ni 8. Doom akiwa mkononi tangu zamu ya nne na viwanja vyote viko karibu na sare, pandisha hapo hapo, kwani ukingoja zamu ya mwisho mpinzani anasoma na kuondoka, unaambulia 1. Lakini ukifika zamu ya sita, viwanja viwili vimejaa upande wako na kilichobaki kina Cosmo, Doom huyo ni kadi ya nguvu 5. Kama mpinzani anaongoza na dau halijapanda, ondoka na upoteze kyubu 1 badala ya 2.