Kulala garini huku injini ikiwaka

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuacha injini ikiwaka usiku kucha ili AC ifanye kazi. Usifanye hivyo, tafadhali. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Bomba likitoboka, au mdomo wake ukizibwa na tope, gesi huingia ndani na aliyelala hashtuki kabisa. Kushusha kioo kidogo si kinga. Zima injini, kisha shusha vioo viwili vya pande tofauti, sentimita 2 hivi, hewa ipite. Vuta hendibreki, funga milango, na ulale kiti cha nyuma, maana kwenye usukani mguu huweza kukanyaga pedeli usingizini. Kichwa kikiuma ukasikia kichefuchefu, toka nje mara moja.