Naombwa kula kiapo ambacho sijakisikia

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mwezi ujao naitwa mahakamani kutoa ushahidi, na nimeambiwa nitaapa nikiwa nimeshika Biblia. Wakati huohuo bosi wangu wa zamani, Mkristo mwenzetu, ananivuta nijiunge na Freemason, chama cha udugu chenye siri. Nilipomuuliza kiapo chao kinasemaje alicheka, akasema nitakisikia siku hiyohiyo. Yesu alisema tusiape kabisa. Je, nikatae vyote viwili? Na aliyekwisha kuapa huko, ndiyo kafungwa maisha?

Jibu: Asifiwe milele, ndugu yangu. Cha mahakamani unaweza kukila. Cha bosi wako usikile.

Tuanze na hilo “usiape kabisa” la Mathayo 5:34, ambalo Yakobo analirudia katika 5:12. Angalia Yesu anavyoendelea: wala kwa mbingu, wala kwa nchi, wala kwa Yerusalemu, wala kwa kichwa chako. Orodha hiyo imetoka wapi? Jibu liko Mathayo 23:16. Walimu wa siku zile walikuwa wameviweka viapo katika madaraja. Ukiapa kwa hekalu, si kitu. Ukiapa kwa dhahabu ya hekalu, kimekushika. Basi mtu aliweza kuapa mbele za watu kwa sauti nzito, na moyoni anajua kwamba amejiachia upenyo wa kuponyokea. Mchezo huo hata sisi tunao. Anayeogopa kutamka “haki ya Mungu” husema “haki ya nani”: jina amelikwepa, ila anataka aaminiwe kana kwamba amelitaja. Yesu anaziba upenyo huo. Mbingu ni kiti cha Mungu, nchi ni mahali pa miguu yake, hata unywele wako huwezi kuugeuza rangi. Kwa chochote utakachoapa, utakuwa umemgusa yeye. Ndipo anaposema, “maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo.”

Wapo ndugu wanaosoma hapo katazo la kila kiapo, na siwadharau. Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, waliliandika hivyo katika ungamo lao la Schleitheim mwaka 1527. Waquaker wa Uingereza, yaani Kanisa la Marafiki, walitupwa gerezani kwa kukataa kuapa, mpaka Bunge likawaruhusu, katika miaka ya 1690, kutoa tamko la kuthibitisha badala ya kiapo. Mimi nasimama upande wa Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha maswali na majibu ya imani cha makanisa ya Kireformati, ambayo katika swali la 101 inakubali kiapo kwa jina la Mungu pale serikali inapokidai au uhitaji unapolazimu. Torati yenyewe iliagiza watu waape kwa jina la Bwana (Kumbukumbu 6:13). Paulo anamwita Mungu awe shahidi juu ya roho yake (2 Wakorintho 1:23). Lakini andiko linaloniamulia ni Mathayo 26:63. Yesu yuko barazani, mashahidi wa uongo wanapishana, naye yuko kimya. Kuhani mkuu anasema, nakuapisha kwa Mungu aliye hai. Hapo ndipo anapojibu. Kama kiapo mbele ya baraza kingekuwa dhambi kwa chenyewe, hapo ndipo mahali angelisema.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kiapo gani. Yeremia 4:2 inataka mtu aape katika kweli, katika hukumu na katika haki, na kanuni ya 1199 ya sheria za Kanisa Katoliki imeyabeba maneno hayohayo. Watu hukimbilia “kweli” na “haki”, wakairuka “hukumu”. Hukumu hapo ni kupima: najua ninachokiapia, na nimekitafakari kabla mdomo haujafunguka.

Sasa mtazame mtu anayeingizwa Freemason daraja la kwanza. Amefungwa kitambaa machoni, ana kamba shingoni. Amepiga goti, mkono uko juu ya Biblia iliyofunuliwa, na juu ya Biblia zimewekwa skwea na bikari za fundi mwashi. Kiongozi anamhakikishia kwamba katika kiapo hicho hamna kitu kinachopingana na dini yake wala sheria za nchi. Kisha anamtamkia maneno, naye anayarudia kipande kwa kipande. Anaahidi kutunza siri ambazo bado hajaambiwa. Katika maneno ya zamani aliendelea kujitakia, kama akivunja, akatwe koo, ang'olewe ulimi, azikwe katika mchanga wa bahari, pale maji yanapokupwa na kujaa mara mbili kwa siku.

Wenyewe husema adhabu hizo ni mafumbo tu, hazijawahi kutekelezwa. Nakubali kwamba hawachinji watu. Ila nauliza: ulilitaja jina la Mungu ili likushuhudie jambo usilolimaanisha? Amri ya tatu iliandikwa kwa ajili ya nini basi? Loji Kuu ya Uingereza, chombo kinachowaongoza Freemason wa huko, iliamua mwaka 1986 kuziondoa adhabu hizo ndani ya kiapo, na wamefanya vema. Kitambaa cha machoni kimebaki. Mambo ya Walawi 5:4 inamhesabia hatia mtu aliyeropoka kiapo bila kufikiri, liwe la ubaya au la wema, likafichika kwake, kisha akalitambua. Kuhakikishiwa na anayekuapisha hakukusaidii. Ni kama kusaini karatasi tupu kwa sababu mwenye karatasi ni mtu wa heshima.

Utaniambia siku hizi maneno hayo yamechapishwa, mtu anaweza kuyasoma nyumbani. Kweli, na ukiyasoma hoja yangu inapungua nguvu. Lakini inabaki kwamba unaahidi kufunika mambo ambayo mkeo na mchungaji wako hawatakiwi kuyajua. Niliwahi kukaa na mzee mmoja wa kanisa nikamwomba anisomee tu kile alichoapa, nimsaidie kukipima. Aliniangalia muda mrefu, akasema, “Mchungaji, hilo ndilo nililoapa nisifanye.”

Si kila chama cha udugu kiko hivyo. Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki, kilifungua ibada yake ya kuingiza wanachama mwaka 2020, familia na wageni wakahudhuria. Hapo sina neno. Kwa Freemason, Roma imekataza tangu mwaka 1738, na tamko la Novemba 1983 linasema Mkatoliki aliyejiunga yuko katika dhambi nzito, hawezi kupokea Komunyo. Wabaptisti wa Kusini huko Marekani waliliacha kwa dhamiri ya mtu mwaka 1993. Uliza kanisa lako lina msimamo gani, usiniachie mimi peke yangu.

Aliyekwisha kuapa? Zaburi 15:4 inamsifu asiyegeuka hata kiapo kikimgharimu, na Yoshua alishika kiapo chake kwa Wagibeoni ingawa walimdanganya. Lakini Daudi aliapa kuiangamiza nyumba ya Nabali, Abigaili akamsihi, naye akamshukuru Mungu kwa kuzuiwa. Herode ndiye aliyeshika neno lake kwa Salome, na kichwa cha Yohana kikaletwa katika sinia. Kwa hiyo, kama uliahidi kuwasaidia wajane wa wenzako, endelea kuwasaidia. Kama uliahidi kumfichia mwenzako kosa, hilo halikufungi. Litubu ukilitaja waziwazi, kama Walawi 5:5 inavyotaka, kisha andika barua ya kujitoa. Hulazimiki kupanda jukwaani kuanika kila ulichokiona.

Mahakamani, kama dhamiri bado inakusuta, fika mapema umwambie karani kwamba utathibitisha, hutaapa. Nchi nyingi zinaruhusu, na uongo chini ya uthibitisho hubeba adhabu ileile ya uongo chini ya kiapo.