Kioo cha Upana Gani Kinatosha Kitabu cha Ufundi?

Masuali ya wasomaji kuhusu vishikwambi vya kusomea

Suali: Assalamu alaykum wakubwa zangu. Nasoma ufundi wa umeme na vitabu vyangu vyote ni PDF, vingine vina kurasa mia nane. Kwenye simu nauvuta ukurasa kulia na kushoto mpaka nasahau mstari ulianzaje. Nimeweka laki nne. Ninunue Kindle (kile kisomeo cha vitabu cha Amazon), kishikwambi cha inchi 8 au cha inchi 10? (Mwanafunzi, Wete)

Jibu: Waalaykumu salaam mwanetu. Kabla hujauliza jina la kampuni, chukua rula. Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa mshazari, pembe hadi pembe, na mstari wa kitabu haulali mshazari. Unalala kwenye upana. Upana ndio unaokutesa kwenye simu, na ndio utakaokutesa tena ukikosea kununua.

Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Ukitoa pambizo za sentimita mbili na nusu kila upande, maandishi yenyewe yanabaki na sentimita 16. Simu ya inchi 6.5 ina upana wa karibu sentimita 6.8, kwa hiyo herufi zinashuka hadi asilimia 42 ya ukubwa wake. Kindle ya inchi 6 ina sentimita 9, sawa na asilimia 57. Kishikwambi cha inchi 8 kina sentimita 10.8, asilimia 67. Cha inchi 10.1 chenye umbo refu kina sentimita 13.6, asilimia 85. Herufi ya saizi 11 kwenye kioo hicho cha mwisho inaonekana kama saizi 9, nayo inasomeka bila kuvuta. Kwenye inchi 8 inashuka kupita kidogo 7. Sentensi utazimudu, lakini namba ndogo zilizo chini ya R na V kwenye mchoro wa saketi zitakushinda.

Kwa hiyo chukua inchi 10. Umbo refu la vishikwambi vingi vya Android linauchukua ukurasa wa A4 uliokatwa pambizo karibu kama ulivyo, juu hadi chini. iPad ya zamani ya inchi 9.7 ina upana zaidi, sentimita 14.8, lakini ni fupi. Ukiujaza upana, sehemu ya chini ya ukurasa inabaki nje na itabidi uisogeze kidogo kila ukurasa. Si kasoro kubwa, ila ijue kabla hujalipa.

Hesabu zote hizo zinategemea kukata pambizo, na wengi hawajui kuwa jambo hilo linawezekana. Weka KOReader, programu ya kusomea vitabu, ni ya bure na inakwenda hata kwenye Android za zamani. Fungua kitabu, gusa sehemu ya chini ya kioo ili menyu itokee, kisha chagua kukata ukurasa. Anza na ile ya kukata yenyewe. Ikiwa ukurasa una namba au doa pembeni, programu hudhani ni maandishi na haikati, hapo ndipo unapokata kwa mkono. Angalia jambo moja: vitabu vilivyopangwa kwa ajili ya kuchapwa huwa na pambizo pana upande wa jalidi, kushoto kwenye kurasa za witiri na kulia kwenye za shufwa. Ukipima kwa ukurasa mmoja tu, ukurasa unaofuata utakatika herufi za mwanzo. Pima kurasa mbili zinazofuatana, uache nafasi inayozitosha zote mbili.

Baada ya upana, tazama nukta za kioo, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha. Inchi 10.1 yenye nukta 1280 kwa 800 inatoa nukta kama 150 kwa inchi, na hapo 5 na 6 ndogo za kwenye fomula zinafanana. Yenye 1920 kwa 1200 inatoa 224, na tofauti utaiona papo hapo. Kwa rami, ile kumbukumbu ambamo kifaa hufanyia kazi, usishuke chini ya GB 3. Ukurasa wa A4 uliopigwa skani kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi una nukta milioni 8.7, nao ukifunguliwa unakula takriban MB 26 za rami hata kama faili lenyewe ni dogo. Programu nayo hufungua kurasa za mbele mapema ili usisubiri. Kishikwambi cha GB 1 au 2 kinakwama hapo, na muuzaji atakwambia faili lako ndilo bovu.

Kwa laki nne, sisi tungechukua kilichotumika cha kampuni inayojulikana kuliko kipya cha jina geni. Hivi vya jina geni huandikwa rami GB 12 na hifadhi GB 512 kwa bei ya kutupa, na hata ukurasa wa mipangilio umechezewa uonyeshe hivyo. Programu ya CPU-Z aghalabu huonyesha ukweli wa prosesa na nukta za kioo. Hifadhi ijaribu kwa vitendo: jaza mafaili makubwa, zima, washa, kisha yafungue yale ya mwisho uliyoyaweka. Yasipofunguka, hifadhi haipo.

Ukienda dukani, Chake au Darajani, nenda na kitabu chako kigumu kuliko vyote kwenye memori kadi, si kwa maneno matupu. Fungua ukurasa wenye mchoro mkubwa wa nyaya. Geuza kurasa ishirini harakaharaka. Kisha fanya haya kwa utulivu, hata muuzaji akikuharakisha. Kilaze kishikwambi juu ya kaunta iliyonyooka, ubonyeze pembe zote nne. Kikicheza kama mtumbwi, au kioo kimeinuka ukingoni, betri imevimba, usikinunue kwa bei yoyote. Fungua picha nyeupe tupu utafute madoa na kivuli cha njano. Chomeka chaja, utikise waya polepole. Alama ya kuchaji ikikatika, tundu limelegea.

Halafu mwambie muuzaji aondoe akaunti yake na afute kila kitu mbele yako, kupitia mipangilio. Kiwashe upya, kiunganishe na intaneti, ufike mpaka ukurasa wa kwanza. Kikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, kirudishe hapo hapo, kwani nyumbani hutaweza kukifungua. iPad nazo zina kufuli la namna hiyo. Kama kinatumia laini, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ulinganishe jina na modeli. Ukikuta nembo au namba ya mali ya taasisi mgongoni, kiache, huenda ni mali ya umma.

Suali: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa skuli ya sekondari. Macho yanachoka usiku. Nimeambiwa Kindle haichoshi macho kwa kuwa ina wino badala ya mwanga. Je, ni kweli, na itanifaa? (Mwalimu, Kiembesamaki)

Jibu: Kuhusu wino ni kweli, mwalimu. Ndani ya kioo chake kuna chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa umeme, kisha zinatulia hapo hapo. Unasoma kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo kama kwenye karatasi, kwa hiyo hata barazani saa saba mchana inasomeka, na betri hukaa wiki kadhaa. Kwa kitabu cha maneno matupu hatujui kifaa kizuri kuliko hicho.

Fizikia ni jambo jingine. Kindle za bei nafuu zina inchi 6 au 7, na hesabu ya upana umeiona hapo juu. Zaidi ya hayo, ukikuza mchoro na kuusogeza, kioo hicho kinachelewa na kuacha vivuli vya ukurasa uliopita. Kwenye hizo za bei nafuu rangi hazipo, na mchoro unaotofautisha waya kwa nyekundu na kijani unageuka kijivu kitupu. Ukiigeuza PDF ili herufi zijipange upya, sentensi zinapangika lakini fomula zinavunjika: kwenye sehemu za hesabu, namba ya juu hukaa mstari mmoja na ya chini mstari mwingine. Kindle Scribe ya inchi 10.2 inatatua suala la ukubwa, ila ilipotoka 2022 ilianza kwa takriban dola 340 huko Marekani, kabla ya usafiri.

Bakia na kishikwambi. Punguza mwanga mpaka kioo kilingane na karatasi nyeupe iliyo pembeni yake chini ya taa ya chumba, na usisome kwenye giza. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Aghalabu kinachochosha ni herufi ndogo na kusahau kupepesa macho.

Suali: Kitabu changu kimepigwa picha kwa simu, kurasa zimepinda, faili lina MB 900. Nifanye nini? (Msomaji, Makunduchi)

Jibu: Tafuta kompyuta kwa saa moja. Programu ya bure ya k2pdfopt hunyoosha kurasa zilizolala mshazari kidogo, hukata pambizo na hupunguza ukubwa kwa mpigo mmoja. Ipe upana na urefu wa kioo chako kwa nukta. Ukipiga skani upya, kurasa za maandishi zipige nyeusi na nyeupe kwa nukta 300, na rangi uziachie kurasa za michoro ya rangi peke yake.

Suali: Nasafiri kwa boti mara kwa mara. Chumvi na unyevu vinaua vifaa? Na umeme ukikatika? (Msomaji, Mkoani)

Jibu: Vinaua, na huanzia kwenye tundu la chaja. Maji ya chumvi yakiwa ndani na wewe ukachomeka chaja, umeme unazila zile pini ndogo na kuacha ukoga wa kijani. Kwenye boti kitie ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu. Ukifika usichaji mara moja. Kifute kwa kitambaa kikavu, kiweke tundu likitazama chini kwenye hewa ya feni kwa saa kadhaa. Usikifukie kwenye mchele, unga wake unaingia tunduni na kuganda.

Kwa umeme, pawabanki ya mAh 10,000 haitoi 10,000 zote, kwani namba hiyo ni ya volti 3.7 na sehemu hupotea ikipandishwa kufika 5. Kishikwambi chenye betri ya mAh 6,000 itakijaza mara moja na robo hivi.