Kwa anayeanza kliniki ya waliopandikizwa figo

Kabla hujamwita mgonjwa ndani, fungua faili utafute mambo mawili: tarehe ya upandikizaji, na majibu ya CMV (aina ya virusi hatari kwa mwenye kinga dhaifu) ya pande zote mbili, aliyetoa figo na aliyepokea. Figo ikitoka kwa mwenye kingamwili za CMV ikaenda kwa asiye nazo, huyo ndiye wa kuchungwa kuliko wote. Virusi vimeingia pamoja na figo, na mwili haujawahi kukutana navyo.

Mgonjwa wa aina hii kwa kawaida hupewa valgansikloviri, dawa ya kupambana na CMV, kama kinga kwa miezi 6. Wageni wengi wa kazi hii hulegea dozi zikiisha, kumbe hapo ndipo pa kukaza macho, maana ugonjwa hupenda kuibuka miezi michache baada ya dawa kusimamishwa. Atakuja analalamika uchovu na kuharisha, basi. Homa usiisubiri, dawa za kushusha kinga huweza kuificha. Na CMV ya utumbo inaweza kuwepo hata kipimo cha damu kisipoona virusi, kwa hiyo jibu zuri la maabara lisikutulize. Omba kinyama cha utumbo kichukuliwe kikapimwe.

Chembe nyeupe zikishuka, utafika njia panda. CMV yenyewe huzishusha, valgansikloviri huzishusha, mikofenolati, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, nayo pia. Kishawishi ni kupunja valgansikloviri. Usiipunje! Dozi yake hufuata utendaji wa figo, na ukitoa pungufu unavipa virusi nafasi ya kujenga usugu. Muulize bingwa kwanza kuhusu mikofenolati.

BK, virusi vingine vinavyoidhuru figo iliyopandikizwa, ni kimya mno. Mara nyingi hakuna homa wala maumivu, kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo, inapanda tu, ndiyo maana hupimwa kwa ratiba hata mgonjwa akiwa mzima kabisa. Dawa ya uhakika ya kuviua virusi hivyo haipo. Tunapunguza dawa za kushusha kinga huku tukichelea mwili kuikataa figo. Kwa hiyo kreatinini ikipanda, usikimbilie steroidi, dawa za kutibu mwili unaoikataa figo, kabla ya kuuliza habari za BK.

Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya tetekuwanga, humalizwa angalau wiki 4 kabla ya upandikizaji.

Na yule anayeharisha, chochote kinachomharisha, mpime kiwango cha takrolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, siku hiyohiyo. Kuharisha huipandisha kwenye damu, na ikizidi huiumiza figo ileile.