Mzani Ulipopungua: Niliyojifunza Imani Yangu Ilipopita Motoni

Nilikulia Geita, nyumbani kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, na kwa hiyo maneno ya Mtume Petro kuhusu imani yenye thamani kuu kuliko dhahabu ipoteayo, "ijapokuwa hiyo hujaribiwa kwa moto", sikuyapokea kama mfano wa kitabuni. Nilimwona baba akileta mawe kutoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, yakasagwa kwenye karasha, mchanga ukaoshwa kwenye mwalo, yaani mfereji wa mteremko uliotandikwa magunia, kisha ule uliobaki ukachanganywa na zebaki na kukamuliwa katika kitambaa mpaka kikapatikana kidonge cheupe kinachong'aa kama fedha. Mtoto asiyejua angedhani kazi imekwisha, maana kidonge kile kilikuwa kizito na kizuri kwa macho. Baba alikipima, akakiweka juu ya kipande cha bati kwenye jiko la mkaa, akakichoma, kisha akakipima tena. Kila mara mzani ulipungua, mara nyingi kwa karibu nusu, kwa kuwa zebaki ilitoka kama moshi, na kilichobaki kilikuwa kitu chenye vitundu, cha manjano iliyofifia, kisicho na mvuto wowote mpaka sonara akiyeyushe.

Naanza na mzani huo kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba majaribu huongeza imani kama mbolea inavyoongeza mahindi, na mtu aliyepita motoni akajikuta na imani ndogo kuliko aliyoingia nayo huhesabu kwamba ameshindwa. Imani yangu ilipungua, na ninawaandikia hasa wale ambao ya kwao imepungua na wanaona haya kulisema.

Kwa miaka tisa nilikuwa mhazini wa usharika wetu. Mwaka mmoja, tulipokuwa tukiezeka jengo jipya, kamati ilishindwa kuoanisha fedha za mabati na stakabadhi zilizokuwapo, na kwa kuwa funguo za kasha nilikuwa nazo mimi, maneno yalianza kuzunguka kabla hata kikao hakijaitwa. Nilisimamishwa uongozi kwa miezi kumi na minne. Hakuna aliyeniita mwizi mbele yangu. Walichofanya ni kupunguza sauti nilipokaribia. Mke wangu, ambaye kwa miaka alikuwa akipika katika kila mkutano wa wanawake, alijikuta haambiwi tena mkutano ni lini. Watoto waliulizwa shuleni kama ni kweli.

Aibu hiyo niliitarajia. Ambacho sikukitarajia ni ukimya uliokuja pamoja nayo. Nilipopiga magoti maneno hayakutoka, na yalipotoka niliyasikia yakirudi kutoka ukutani. Ayubu aliyaeleza mambo haya vizuri kuliko mhubiri yeyote niliyewahi kumsikia: "Tazama, naenda mbele, wala hayuko, narudi nyuma, lakini siwezi kumwona." Sisi huruka haraka hadi mstari wa kumi wa sura hiyo ya ishirini na tatu, unaosema "Akisha kunijaribu, nitatoka kama dhahabu", kwa kuwa unafaa kuandikwa kwenye kalenda. Lakini Ayubu aliutamka mstari wa kumi akiwa bado ndani ya ule wa nane, majivuni, bila dalili yoyote kwamba siku moja mifugo itarudi. Ukikisoma kitabu chake ukiwa na jicho lililokimbilia sura ya mwisho, utakuwa umesoma hadithi ya fidia tu.

Mtu aliyenisaidia ni shangazi yangu, aliyesafiri kutoka Bukoba na mkungu wa ndizi akakaa kwetu siku nne. Yeye ni wa zile familia zilizoguswa na uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Kagera, na watu wa uamsho ule wana desturi wanayoiita kutembea nuruni, yaani kulitaja jambo la moyoni kwa jina lake, bila kulipamba. Hakuniuliza kama nilichukua fedha, wala hakunitafutia sababu ya Mungu kuruhusu yaliyonipata. Siku ya tatu, tukimenya ndizi, aliniuliza tu, "Mwanangu, katika vyote ulivyonyang'anywa, unakikosa kipi zaidi?" Nikajibu kabla ya kufikiri: "Benchi la mbele." Alicheka mpaka akaweka kisu chini, nami nikacheka, kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

Jibu lile lilinionyesha zebaki yangu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimebeba kidonge kizito kinachong'aa, na sehemu kubwa ya uzito ule haikuwa imani. Ilikuwa heshima ya kuitwa mzee, raha ya kusimama na daftari mbele ya watu, na mapatano ya siri ambayo sikuwahi kuyaandika popote: kwamba nikimtumikia Mungu kwa uaminifu, yeye atalilinda jina langu. Alipoacha kulilinda, nililalamika kwamba amevunja agano, ingawa agano lile nilikuwa nimelitunga na kulitia sahihi peke yangu. Vitu hivyo vilipoondoka kilibaki kidogo mno, pengine kuamini tu kwamba Kristo yupo na kwamba mimi si wa mtu mwingine. Kidogo hicho hakikuungua, ingawa kuna majuma nilikitafuta kwa mashaka.

Nina tahadhari moja hapa, na nitaikawilia. Siku hizi tunajua kwamba moshi wa zebaki ni sumu, na mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa kwa ajili hiyo. Sisi watoto tulisimama pembeni ya jiko lile tukiuvuta bila habari. Vivyo hivyo si kila moto unaomfikia Mkristo ni wa kumsafisha. Mke anayepigwa na mumewe hapaswi kuambiwa kwamba Mungu anaijaribu saburi yake. Mgonjwa anayeambiwa aache dawa ili kuthibitisha imani yake anatiwa hatarini, na aliyeshauriwa auze kiwanja atoe sadaka ili jaribu liishe anaibiwa. Mtu asiyelala wiki nyingi, asiyekula, na anayefikiria kifo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kisha aombewe akiwa huko. Lugha yetu inatuchanganya kidogo, kwa kuwa neno majaribu tunalitumia kwa mtihani wa imani na pia kwa kushawishiwa kutenda uovu, kama Kiyunani cha Agano Jipya kinavyofanya. Yakobo, aliyetuambia tuhesabu kuwa ni furaha tupu tukiangukia katika majaribu mbalimbali, anaonya katika sura hiyohiyo kwamba mtu ajaribiwapo asiseme, "Ninajaribiwa na Mungu." Anayemkandamiza mwenzake ana dhambi yake, hata kama Mungu atalitumia jambo hilo kumjenga aliyeonewa.

Kwa sababu hiyo sikukaa kimya kuhusu fedha zile. Wapo walioniambia kwamba mtu wa Mungu hajitetei, nami kwa wiki kadhaa niliwasikiliza, mpaka nikakumbuka kwamba Paulo, aliyevumilia mijeledi na kifungo, alikata rufani kwa Kaisari bila kuona kwamba ameipunguza imani yake. Niliandika barua kudai ukaguzi, nikaambatanisha nakala za stakabadhi zote nilizokuwa nazo, na kila mwezi nilikumbusha kwa barua nyingine yenye maneno yaleyale. Aliye katika hali kama yangu nampa ushauri huo: peleka ushahidi mahali unapohusika, kwa maandishi, kisha acha kuwaeleza majirani mmoja mmoja. Kujieleza kila mahali kulinichosha kuliko shutuma yenyewe.

Kuhusu sala, niliacha kujilazimisha kusali kwa ufasaha. Asubuhi nilisema Sala ya Bwana na jioni nilisoma zaburi moja kwa sauti, hata kama sikuhisi lolote, kama mtu anavyokula akiwa na homa. Zaburi ya 13 niliisoma mara nyingi mno: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Baadaye niligundua ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila aya ya kufariji, na ilinishangaza kwamba waliotukusanyia Maandiko waliiacha hivyo ilivyo. Ibadani niliendelea kwenda, ila nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga na vijana wanaochelewa. Huko nyuma mahubiri husikika vibaya, na nilijifunza mambo mengi juu ya usharika ambao nilidhani naujua, kwa mfano ni wangapi hutoka kabla ya sadaka kwa sababu hawana cha kutoa.

Mwezi wa kumi na nne hesabu zilipatikana. Fedha za mabati zilikuwa zimeandikwa katika daftari la kisima, kwa mwandiko usio wangu. Tangazo lilisomwa kati ya ratiba ya kwaya na taarifa ya ndoa, kwa sentensi moja, na waumini wakaendelea kutafuta namba ya wimbo. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kama Ayubu alivyosubiri kujibiwa, na ilipofika ilikuwa ndogo. Nadhani kama ingefika katika mwezi wa pili, ningerudi benchi la mbele na zebaki yangu yote.

Katika Luka 22 Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka apate kuwapepeta kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Hakuomba ungo uzuiwe. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba imani isikatike, na hapohapo akamkabidhi Petro kazi ya kuwaimarisha ndugu zake, kabla jogoo hajawika. Neno hilo kutindika ni la kizamani kidogo, nami nimelipenda, kwa sababu halidai kwamba imani isipungue.

Baba yangu alikuwa na rundo la marudio nyuma ya nyumba, mchanga ambao ulikwisha kuoshwa, na hakuruhusu mtu kuuzoa. Baada ya miaka aliuosha tena akapata dhahabu kidogo ambayo mara ya kwanza haikukamatwa. Mimi nina rundo la namna hiyo. Yupo mjumbe mmoja wa kamati ile ambaye najua ndiye aliyelianzisha jambo, na nimemsamehe kwa midomo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jumapili iliyopita tulikutana mlangoni na nikampa mkono. Ulikuwa mkono tu, bila joto lolote, naye aliupokea, tukatoka nje kila mtu na njia yake.